Tiki Moja ya Kijivu

Darasani mimi ndiye yule anayejua jibu halafu hanyooshi mkono. Mwalimu akiniita, jibu linakimbia, nabaki nimesimama nashika pindo la sweta mpaka aseme kaa. Wageni wakija nyumbani naamkia harakaharaka na kupitiliza jikoni. Mama hunitania, "Wewe utaolewa na ukuta." Lakini kwenye simu nilikuwa mtu mwingine kabisa. Makosa ninayoyaandika hapa aliyafanya yule mtu mwingine, ila anayeishi nayo ni mimi.

Nilikuwa kidato cha tatu mwaka ambao rashi ya dhahabu, yaani watu kumiminika kuichimba, iliibukia upande wetu wa Kerende. Shamba la mihogo lililokuwa njiani kuelekea shuleni likageuka maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, yenye miti imeegemezwa mdomoni na kamba zinaning'inia ndani. Watu walikuja kutoka Mugumu, Sirari, na ng'ambo ya Sirari. Karasha za kusagia mawe zikaunguruma kutwa nzima. Viti vya nyuma darasani, walikokaa wavulana, vikabaki vitupu. Simu za kioo zikaingia kila nyumba, hata nyumba ambazo bado zilikuwa zinachota maji mtoni. Kaka yangu aliponunua mpya alinipa yake ya zamani, imepasuka kona moja, na kwa simu hiyo nikaingia kijiweni.

Kijiwe kilikuwa kundi la mtandaoni la vijana wa huku kwetu, watu zaidi ya mia, wengi hawajawahi kuonana. Kazi yake ilikuwa kubishana tu. Simu ya tochi na simu ya kioo, ipi inamfaa mtu wa shimoni? Filamu za kigeni ambazo mtu wetu anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe, je, anaziharibu au anazitengeneza? (Mimi nilisema anazitengeneza. Bado nasema hivyo.) Litungu, zeze la wazee wetu, likipitishwa kwenye spika linabaki litungu? Siku nyingine tulibishana mchana kutwa kama ni adabu kutuma sauti wakati wenzako wanaandika.

Picha yangu pale ilikuwa pikipiki nyekundu. Sikuweka jina. Wote wakadhani mimi ni kijana wa bodaboda, wakaniita mura, yaani kijana wa kiume, na mimi sikuwasahihisha. Mura wa pikipiki alikuwa haogopi mtu. Alikuwa na jibu kabla hujamaliza swali. Watu walikuwa wanamsubiri, "Mura yuko wapi leo aje amalize ubishi?" na mimi niko jikoni nimeshika mwiko mkono mmoja na simu mkono wa pili, nacheka peke yangu.

Kulikuwa na mmoja ambaye haandiki. Alituma sauti tu. Alisema vidole vyake vina matope, vikigusa kioo kinagoma. Sauti ya kijana, lakini ya polepole, na nyuma yake karasha inasaga. Alianza kila mara na salamu: wazee shikamooni, wenzangu habari za kazi, wadogo zangu hamjambo, akina dada mpo. Zikimalizika hizo ndipo anaingia kwenye filamu.

Nikaandika, "Kaka, bando letu linaishia kwenye salamu zako. Hoja tutaisikia mwakani?"

Kijiwe kizima kikacheka. Na kuchekewa na watu mia ni utamu ambao sikuwa nimewahi kuonja.

Siku moja akaleta pendekezo. Alisema humu ndani tunataniana hovyo, hatujui nani ni nani. Basi kila anayeingia ataje kizazi chake. Niwaeleze wasio wa kwetu: kwa Wakurya mtu huzaliwa ndani ya kizazi, kinachofuata kile cha baba yake, na umri hauhusiki sana. Unaweza kumkuta kijana wa miaka ishirini naye ni wa kizazi cha baba yako. Huyo ni baba. Unampisha njia, unampisha kiti, na mzaha naye hakuna. Lakini wa kizazi cha babu au bibi yako, huyo mtanie unavyotaka, naye atakurudishia. Ndiyo maana watu wetu wakikutana mara ya kwanza huulizana kwanza, ndipo wanajua kama wacheke au wainamishe kichwa.

Mura wa pikipiki akajibu, "Huku hakuna ukoo wala kizazi. Huku kuna hoja na bando. Kwenye simu wote rika moja."

"Mpe huyo!" mtu akaandika. Mwingine, "Mzee wa vizazi kapigwa." Jina likamganda hapo hapo: Mzee wa Vizazi.

Akajibu kwa sauti. Hakukasirika, nilisikia kama anatabasamu. "Mura, nimekusikia. Lakini unamcheka mtu hujui ni nani kwako. Siku ukimjua, hayo maneno utayarudisha wapi?"

"Nitayala na ugali," nikaandika.

Hakujibu. Usiku ule mvua ilinyesha kubwa, na kesho yake hakujibu pia. Kijiwe kilikuwa kimeshahamia kwenye ubishi mwingine, lakini mimi sikutosheka. Nilitaka akiri. Nikamfuata chemba, tukiwa wawili tu, na kwa siku tatu nikamtumia ujumbe saba. Najua ni saba kwa sababu nimeshausoma mara nyingi kuliko kitabu chochote cha shule.

"Mzee wa Vizazi umeingia shimo gani?"

"Toka shimoni ujibu hoja."

"Au umekwama huko chini?"

Sitaandika yote. Wa saba ulisema, "Basi kaa huko huko."

Kila mmoja ulibaki na tiki moja ya kijivu, maana yake umetoka kwangu, kwake haujafika. Nilidhani amezima simu kwa aibu. Nilifurahi.

Siku hizo hizo duara moja lilikuwa limeporomoka kwa mvua, na mtu alikuwa ndani. Nililijua hilo, kila mtu alilijua. Nilipita pale nikienda shule, nikaona watu wanapokezana kuchimba na ndoo zinatoka na udongo, nikaona mama mmoja ameketi chini karibu na kamba, amenyoosha miguu, anaangalia tu. Simu ilikuwa ndani ya mkoba wangu na kichwani nilikuwa natunga ujumbe wa tano. Haikunijia hata kidogo kwamba mashimo hayo mawili ni moja.

Siku ya tatu walimtoa. Mama akanichukua msibani kupeleka kuni. Nilikuwa nainama kushusha mzigo niliposikia sauti, "Wazee shikamooni, wenzangu habari za kazi," na karasha inasaga nyuma. Kuni zikaniangukia mguuni. Kijana mmoja wa shimoni alikuwa amekaa na wenzake kwenye benchi, anawasikilizisha kwenye simu yake.

"Msikie alivyokuwa," anawaambia. "Salamu tu utachoka."

Wakacheka kile kicheko cha msibani, kisha mmoja akafunika uso.

Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza mama marehemu ni wa kizazi gani. Nilijikaza swali litoke kama la kawaida.

"Cha baba yako," akasema mama. "Mdogo vile, lakini ungekutana naye hapa tulipo ungesogea majanini apite. Kwani vipi?"

"Nauliza tu."

Nilipofika nyumbani nikajaribu kufuta ujumbe ule. Simu ikaniambia muda wa kufuta kwa wote umepita. Naweza kufuta kwangu peke yangu. Yaani mimi nisione, yeye aone. Nikauacha. Kijiweni watu wakaandika pole nyingi, mimi sikuandika kitu. Nilisikia simu yake imepatikana ndani ya koti alilolitundika juu ya shimo, imeisha chaji, na mama yake ameiweka. Nikaanza kuombea simu isiwake tena. Nilikuwa nakaa kipindi cha historia, mwalimu anaongea, mimi naona tiki ya pili inajichora ubaoni. Karasha ikiunguruma mbali nilisikia salamu ndani yake, wazee, wenzangu, wadogo zangu, na nilikuwa nasubiri mlio uishe nijue kama nimetajwa. Nikaacha kupita njia ya shamba lile. Nilizunguka kwa mbali, nachelewa kuhesabu namba mstarini, nachapwa, na sikusema kwa nini.

Jumamosi moja asubuhi naosha vyombo nje, nikamwona anakuja. Mama yake marehemu. Mkononi ana kitu amekifunga kwenye kipande cha kitenge. Nilikijua kabla hajakifungua.

"Shikamoo bibi," nikasema. Hakuwa na umri wa kuitwa bibi, lakini mama wa baba ni bibi tu.

"Marahaba mjukuu wangu. Mwenye duka amenichajia hii. Akaniambia nenda kwa yule binti wa sekondari, yule asiyeongea, ndiye anajua simu. Nataka kumsikia mwanangu."

Akakaa kwenye kigoda. Mama alikuwa shambani. Bibi akanionyesha kwa kidole mchoro wa kufungulia kioo, aliuona kila jioni akimtazama mwanawe: inapanda, inakata kona, inashuka. Simu ikafunguka. Nikamtafutia zile sauti alizowahi kututumia, zilikuwa humo humo, hazikuhitaji mtandao. Bibi akazisikiliza ameinamia magoti yake. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

Kisha akasema, "Na watu walimwandikia nini alipokufa? Mimi sijui kusoma. Washa nisikie."

Nilisema chaji itaisha. Akasema imejaa. Nilisema labda bando hakuna. Akasema mwenye duka ameweka. Kwa hiyo nikawasha data.

Simu ikatetemeka mikononi mwangu kwa muda mrefu, inapokea. Pole za kijiweni zikaingia moja baada ya nyingine, na katikati yake pikipiki nyekundu, na namba saba pembeni. Nilijua kwenye simu yangu, kule ndani chini ya mto, tiki zimeshakuwa mbili.

Nikamsomea pole. Nilisoma taratibu, kila moja, nikitumaini atachoka. Nilikuwa nimeshapanga nikifika kwenye pikipiki nisome pole ya kutunga. Angejuaje?

"Hapo pana pikipiki," akasema bibi, kidole juu ya kioo. "Huyo ndiye! Alikuwa ananisimulia habari zake. Ananiambia, mama, kuna mura mmoja ananitukana mpaka nacheka peke yangu kule juu. Akasema lazima huyu ni mjukuu wetu, mtu wa kizazi cha kututania, asingethubutu vinginevyo. Alitaka amtafute wafahamiane." Akanitazama. "Ameandika pole? Nisomee ya huyo."

Hakusema kwa hila. Hakujua chochote, macho yake yalikuwa yanasubiri tu kitu kizuri.

Nikasoma. Sikubadilisha neno. Umeingia shimo gani. Toka shimoni. Au umekwama. Sauti yangu, ambayo darasani haitoki, ilitoka yote. Nilipofika kwenye wa saba nilikwama, akasema, "Malizia." Nikamaliza.

Kuku mmoja alikuwa anadonoa mabaki kwenye sufuria, hakuna aliyemfukuza.

"Aliandika lini haya?"

"Akiwa ndani, bibi. Siku zile tatu. Hakujua."

"Umejuaje kwamba hakujua?"

"Ni mimi."

Akaichukua simu mikononi mwangu, akafuta kioo kwa kile kitenge. Kisha akaniuliza baba yangu ni wa kizazi gani, na alijua jibu, maana alipoelekezwa kwangu na mwenye duka lazima aliambiwa mimi ni binti wa nani. Nikamjibu hivyo hivyo. Akatikisa kichwa.

"Kumbe hakuwa mjukuu. Alikuwa mtoto wake anamtukana." Akapumua. "Mimi ungenitania, mimi ni bibi yako. Yeye, hapana."

"Nisamehe bibi."

"Mimi hukunitukana." Akanisogezea mguuni mwangu simu ya mwanawe. "Kalete yako. Yeye alitaka salamu siku zote. Mpe salamu yake. Kwa mdomo, siyo kwa vidole."

Nikaileta simu yangu ya kona iliyopasuka. Nikabonyeza alama ya kurekodi, nikasema kama tunavyowaambia baba zetu nyumbani: "Shikamoo tata." Nikaachia. Simu ya pili ikalia pale chini kati yetu. Bibi akaichukua, akagusa pale aliponiona nikigusa mimi, na sauti yangu ikatoka kwenye simu ya marehemu, ndogo, ya msichana. Kijiweni hakuna aliyewahi kuisikia. Bibi akaizima, akaifunga kwenye kitenge, akaondoka. Hakuniambia amenisamehe na mimi sitaandika kwamba aliniambia.

Nilitoka kijiweni wiki ile, bila kuaga. Lakini chemba yake sijaifuta. Bibi huichaji simu ile kwa mwenye duka, na akikaa nayo huishikashika asikilize. Najua ni yeye. Najua kidole chake kinagusa mahali pa kuandikia bila kukusudia. Ila jioni nyingine nafungua pale, ujumbe wangu saba na salamu moja, vyote vimesomwa, na juu, chini ya jina lake, linatokea neno: anaandika…

Linakaa kidogo, linapotea, linarudi.

Mama huniuliza mbona nimesimama ghafla katikati ya chakula. Namwambia nanyoosha miguu. Nasimama mpaka neno lipotee, ndipo nakaa.