Jumapili Iliyofika Ukumbini Ikiwa Jumamosi

Jirani yangu aliingia katika duka langu la kompyuta hapa Migori ameishika simu mbali na mwili kama samaki aliyeoza. Nikajua kuna msiba.

"Nyathina, mwanangu, umemwozesha binti yangu siku ya Sabato?"

Yawa! Huyu ni Msabato wa kuzima jiko Ijumaa kabla jua halijafikiria kuzama. Juzi yake alikuwa amekaa kando yangu, nikamwekea nafasi katika ukumbi wa harusi kule Homa Bay kupitia ukurasa nilioutengeneza mwenyewe kwa elimu yangu ya masomo ya jioni. Tulibonyeza Jumapili. Macho manne yaliona Jumapili. Sasa ujumbe wa ukumbi ulisema Jumamosi, na ulikuwa umewafikia wakwe, Wasabato kumshinda yeye.

"Wamesema mpaka saa kumi. Siku isiporekebishwa, hawaji. Na mchungaji hafungishi ndoa Sabato hata kwa malaika."

Ilikuwa saa nane. Nikaivuta kompyuta karibu.

Ukurasa wangu hupeleka ombi kwa mashine ya ukumbi kupitia API, kama mteja anavyoagiza chai dirishani. Nikadhani nimepanga tarehe vibaya. Nikatanguliza siku; mashine ikajibu kwamba ombi halieleweki. Nikatanguliza mwaka, ikakubali, ikasema Jumamosi. Nikajaribu mara elfu moja.

"Bado?"

"Bado, mama."

"Na ulisoma?"

"Nilisoma."

"Usiku?"

"Jioni, mama."

"Ndiyo maana. Ulikuwa unasinzia."

Mwishowe nikalifungua ombi lenyewe nisome kilichotoka kwangu. Nikashika kichwa. Halikuwa na Jumapili hata kidogo! Liliandikwa Jumamosi, saa tatu usiku, na herufi Z mkiani. Z ni saa za Greenwich kule Uingereza, na sisi tuko mbele yao kwa saa tatu. Jumapili yetu inapoanza usiku wa manane, kwao bado ni Jumamosi. Kompyuta yangu iligeuza saa zetu kuwa zao kimyakimya. Mashine ya ukumbi ikaiacha saa, ikabaki na tarehe.

"Kwa hivyo ni Wazungu wametuingiza Sabato?"

Nikafuta ile ya Jumamosi, nikatuma tarehe tupu, bila saa. Jibu: Jumapili imejaa.

Nikampigia msimamizi wa ukumbi.

"Kuna kikundi cha akina mama wa Uriri," akasema.

"Walipitia ukurasa wangu?"

"Kwani kuna mwingine?"

Mdomo wangu ulikataa kufungika. Basi wale walitaka Jumatatu! Kila aliyepitia kwangu nilikuwa nimemrudisha siku moja nyuma, Luo Nyanza nzima. Msimamizi akawapigia, wakathibitisha, akawasogeza. Nikatuma tena.

Ujumbe mpya uliingia zikibaki dakika tano. Mama aliusoma mara tatu, kisha akampigia mkwe, simu ikiwa kwenye spika.

"Tumeona," mzee akasema. "Jumapili tunakuja. Huyo wa kompyuta yuko wapi?"

"Niko naye hapa."

"Mje naye. Akae karibu na mchungaji, tumwombee."