Zamu ya Maji ya Jumapili

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote za utotoni ni ya maji yakipita nyuma ya jiko letu bila kufanya kazi yoyote. Kule milimani Upare, juu ya Same, tulimwagilia kwa ndiva, yaani bwawa la udongo linalojaa usiku na kufunguliwa alfajiri, kila nyumba na siku yake. Asipoyachukua mwenye zamu, maji yalishuka korongoni yakapotea, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa bila ridhaa yake. Ilikuwa miaka ya foleni: sukari ya kupimiwa, sabuni ya kusikia kwa jirani, na unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, ambao ukipikwa nyumba nzima ilinuka gunia. Zamani Jumamosi na Jumapili hazikugawiwa mtu. Lakini mwaka ule nilipokuwa darasa la tano, vuli ilitunyima mvua, na kamati ya maji ikaamua siku zote saba ziingie kwenye kura. Baba yangu, mzee wa kanisa asiyekubali hata kuni zipasuliwe Jumapili, akaokota Jumapili. Jirani yetu Baba Naetwe, ambaye yeye na watu wake walisali Jumamosi, akaokota Jumamosi.

Mtoto yeyote angeiona dawa. Naetwe mwenyewe alikuwa rafiki yangu wa dawati moja, na kesi hiyo tuliimaliza njiani kabla hatujafika shuleni: wabadilishane. Jioni, makande yakiwa mezani, nikamwambia baba. Hakunikaripia. Aliweka kijiko chini akasema polepole, "Nikimpa Jumapili yangu, nimemtuma akavunje siku ya Bwana kwa niaba yangu."

"Lakini baba, kila Jumapili tukienda kanisani tunapishana naye anashuka tambarare na jembe."

"Hilo ni lake. Hili nitaulizwa mimi."

Ng'ambo ya ua, Naetwe aliambiwa maneno yale yale, siku tu ndiyo iliyobadilika. Basi kila Jumamosi na kila Jumapili maji yakapita katikati ya mashamba mawili yenye kiu. Wanasema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hawa wetu hata hawakupigana. Walisalimiana vizuri kabisa, wakaulizana habari za watoto, na nyasi zikaumia vilevile.

Waliokata shauri ni akina mama, kisimani, ndoo zikijaa. Jumamosi baba alikuwa akishuka Same kufuatilia unga wa mgawo wa kijiji. Siku hiyo, majirani wakiwa ibadani, mama na mimi tulifungua mfereji. Jumapili, Baba Naetwe akiwa tambarare na sisi tukiimba kanisani, Mama Naetwe na binti yake walifungua upande wao. Kwa wiki tatu nilinusa tena harufu ya udongo uliolowa, tope likipenya baridi kati ya vidole vya miguu, na nikadhani tumeshinda. Baba aliona mahindi yanaamka, akamshukuru Mungu mezani kwa ajili ya umande. Mama aliitikia amina bila kuinua uso.

Jumamosi ya nne lori la unga halikuja, dizeli ilikuwa imekosekana, na baba akarudi kabla ya saa sita. Alinikuta nimesimama mferejini.

"Nanzia, maji haya ni ya nani?"

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimefundishwa na yeye mwenyewe kutosema uongo. "Ya akina Naetwe, baba."

Alininyang'anya jembe akaanza kuziba. Mama alikuja mbio kutoka mwisho wa shamba. "Baba Nanzia, yaache yamalize mistari miwili tu. Mahindi yanabeba." Hakumsikiliza. Alipomaliza alinawa mikono kwa maji yale yale, akaenda kwa jirani kueleza yote. Na wanaume wale wawili, walioshindwa kukubaliana kubadilishana siku, walikubaliana upesi sana kuwakataza wake zao.

Mahindi yalikauka yakiwa na magunzi membamba kama vidole. Sikukuu ya mavuno ilipofika, baba alipeleka kikapu kitupu madhabahuni, na mwinjilisti akamsimamisha mbele yetu kama mfano wa imani. Kanisa zima likasema amina, isipokuwa mama. Wiki hiyohiyo Naetwe aliondolewa shuleni, akapelekwa kwa mjomba wake kule Bendera, tambarare, akafanye vibarua apate kula. Hakuniaga. Kwa muda mrefu niliamini kwamba ukweli wangu ndio uliompeleka, na nikiwa mtu mzima bado sijapata mhubiri wa kunijibu neno hilo.

Leo naishi Same mjini na baba amezeeka mikononi mwangu. Biashara ilipoachwa huria nchini, kila kitu kilifunguka: unga upo siku saba, na vipaza sauti vya makanisa vinashindana na muziki wa stendi. Wahubiri wanaahidi magari, na vijana wa bodaboda wanasubiri wateja mlangoni hata wakati wa baraka. Siipendi Jumapili hii isiyojua kupumzika. Lakini kila nikiilalamikia, naikumbuka ile iliyotuacha na njaa, nakosa upande wa kusimama. Naetwe naye ana duka la nafaka karibu na soko. Anafunga Jumamosi, na mimi hupita kwake Jumapili nikitoka ibadani. Tunaongea bei na watoto. Ya mferejini hatujayagusa.

Mwezi uliopita, Jumapili moja, nilishindwa kujizuia. Baba alikuwa ameshaombea chakula, tonge mkononi, nikasema, "Baba, unga huu nimeununua leo. Kwa Naetwe, yule wa jirani." Alitafuna, akameza.

"Unga ni unga, mwanangu. Niongezee mboga."

Nilikaa nikimtazama. Nilitaka kumuuliza ni lini alibadilisha mawazo, na kwa nini hakutuambia. Kisha nikasimama, nikaenda jikoni kuchota mboga.