Mkono Niliompa Mzee wa Kona ya Tangi

Nishike mkono kwanza. Huu wa kulia. Usiogope, hauumi, wala sina ugonjwa wa kuambukiza. Umeushika? Haya, sasa niambie kwamba mimi ni mwongo. Watu wameshaniambia mengi: mara mishipa, mara damu nzito, mara nimelogwa na jirani. Daktari mmoja aliniuliza kama nakunywa pombe. Mimi, mtoto wa Kigombe niliyelelewa na babu mwalimu wa chuo cha Kurani! Nilitamani nimwekee mkono huo shingoni, ajue.

Yaliyonipata ni ya kweli, na nayasimulia kwa hasira kwa sababu bado nina hasira. Kama unataka usiku wa manane na bundi, katafute kwa msimuliaji mwingine. Yangu yalinikuta saa mbili asubuhi, watu wako majumbani wanakunywa chai kwa maandazi.

Ilikuwa miaka ile ruksa ya kuingiza bidhaa za nje imeanza. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sabuni na sukari, na ghafla maduka ya Tanga yakajaa vitu ambavyo hata hatukujua vina kazi gani. Mimi nilikuwa tarishi wa shamba moja la chai huko milimani Amani. Ofisi ilikuwa Raskazone, hapohapo Tanga mjini, kiwanda kilikuwa juu mlimani, na katikati nilikuwa mimi na pikipiki. Mara tatu kwa wiki nilitoka Tanga alfajiri, nikapita Muheza, nikapanda na barua, vipuri vidogo na dawa za zahanati ya shamba.

Sasa wewe mtu wa pwani, unaijua baridi? Huijui. Ukipita Muheza bado unatoka jasho. Ukiingia msituni, ukungu unakushukia, upepo unakupenya kwenye vidole, na baada ya kona kumi huna uhakika tena kama vidole hivyo ni vyako. Nilikuwa nikifika kiwandani siwezi hata kufungua mkoba. Karani, Bwana Elia, ndiye aliyenifungulia. Breki nilivuta kwa kukisia. Mara mbili nilikosa kona nikaingia na pikipiki kwenye michai, na wachumaji wakacheka mpaka wakakaa chini.

Niliomba glavu ofisini. Nikaambiwa subiri. Nikaomba koti. Subiri. Mkubwa wangu alikuwa akipanda mlima ndani ya gari, vioo juu, halafu ananiambia mimi nisubiri! Mwishowe nikajinunulia glavu nyembamba za mtumba, zisizozuia hata mvuke wa chai. Kwa miezi minane nilipita hivyo kwenye kona ya tangi la maji, mikono imekufa ganzi, na hakuna kiumbe aliyenisimamisha wala kunisalimu. Hilo likumbuke.

Mpemba mmoja, Hamadi, alikuwa na kibanda cha vipuri vilivyokwisha tumika, huko Ngamiani. Siku moja aliniita, "Yakhe, njoo uone mambo ya Ulaya!" Akanitolea gripu, yaani zile raba za kushikia usukani wa pikipiki, lakini hizi zilikuwa na waya ndani. Ukiziunga na betri zinapata moto. Nilidhani ananitania. Kwetu tunatafuta upepo, wenzetu wanapasha usukani!

Alikuwa nazo za aina mbili. Moja ni kama mkanda, unauzungushia juu ya raba ya zamani na kuufunga kwa kamba. Ni rahisi kufunga, lakini kiganja kinajaa, na ule wa kulia unateleza unapozungusha eksileta. Za pili unang'oa raba ya zamani kabisa na kuvika hizi mahali pake. Nilichukua za pili, na hata leo ningekwambia uchukue hizo.

Fundi wangu, Mhina, Mbondei mwenye mdomo mchafu na mikono safi, aliangalia betri kwanza. "Bahati yako ni ya volti kumi na mbili," alisema. "Ingekuwa ile ya sita, ungeambulia uvuguvugu tu." Akapitisha umeme kwenye ufunguo ili gripu zisinyonye betri pikipiki ikiwa imezimwa, akaweka fyuzi, akafunga swichi ya moto mdogo na moto mkubwa. Waya wa upande wa kulia akauacha umelegea. "Huu unazunguka na eksileta. Ukikaza, mafuta yatabaki wazi uko kwenye kona, na mimi matangani kwako siji." Akanikanya: nikiona taa inafifia nizime gripu, kwenye mteremko mrefu nizime, na glavu nyembamba nisizitupe, maana nene zinazuia joto lisifike kiganjani. Upepo wa mbele akanikingia kwa dumu la mafuta ya kula alilolikata vipande viwili. Pikipiki ikawa kama ina masikio. Muheza walinizomea barabara nzima.

Nyumbani, mke wangu Mwanaidi alikuwa amejifungua binti yetu wa kwanza, Zuhura, ana miezi mitatu. Kila nikirudi kutoka mlimani alikuwa hanipi mtoto mpaka nikae kwanza jikoni karibu na jiko. Siku ya kwanza ya gripu nilimwambia nikiwa natoka, "Leo nikirudi unanipa mwanangu mlangoni."

"Tutaona, baba Zuhura," akanijibu.

Basi nikapanda. Niamini, sijawahi kuona raha kama ile juu ya pikipiki. Ukungu umeshuka mpaka kwenye kofia, na viganja vyangu vina joto kama nimeshika kikombe. Nikawa naimba peke yangu. Nilipofika kona ya tangi la maji, mzee akasimama katikati ya barabara.

Alikuwa na koti la kaki lililochakaa, mkoba wa turubai begani, na mikono ameifumbata kwapani. Nikafunga breki. Ungefanya nini, umpitie juu? Nilishuka. Akatoa mkono wa kulia kwapani akaninyooshea.

Hapo ndipo malezi yangu yaliponiponza. Sisi pwani tumefundishwa hivi: mzee humpi mkono uliovikwa kitu. Unavua, unampa, unauinamia, na huutoi mpaka autoe yeye. Nikavua glavu. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu." Mkono wake ulikuwa baridi kama samaki wa kwenye barafu. Akaushika wangu kwa mikono yake miwili. "Una moto wewe."

"Ni gripu hizi, babu. Za umeme."

"Na mimi niote kidogo."

Na mdomo wangu mpumbavu ukajibu kama ulivyozoea kumjibu kila mzee anayepita watu wakila: "Karibu, babu. Ota mpaka utosheke."

Nani alinituma? Niambie, nani alinituma?

Akaanza kunisalimu. Unazijua salamu za wazee, hazina mwisho. "Huko utokako hawajambo?" Hawajambo. "Baba na mama?" Wapo, alhamdulillahi. "Mkeo?" Hajambo. Kila nikijibu, joto linatoka. Nilikuwa nalisikia linavyotoka, vidole kwanza, kisha kiganja, kisha kifundo. Nilitaka kuuvuta mkono. Nilitaka sana. Lakini utamnyang'anyaje mzee mkono katikati ya salamu? Nikabaki nimeinama kama mjinga, naitikia.

"Na mtoto? Hajambo?"

Sikuwa nimemwambia kwamba nina mtoto. Na bado nikajibu! "Hajambo, babu. Anakusalimu." Baridi ikapanda mpaka kwenye kiwiko.

Hapo ndipo akaniachia. "Ahsante, mwanangu. Wengine hawanipi." Akaingia kwenye michai, na ukungu ukajifunga nyuma yake. Mimi nikapanda pikipiki bila hata kuvaa ile glavu. Kushoto moto, kulia hakuna kitu. Nikasema waya umekatika, Mhina ameniibia, leo atanitambua. Nikapandisha swichi kwenye moto mkubwa, nikakaza mkono, nikaenda hivyo mpaka kiwandani.

Bwana Elia alitoka nje kwa harufu. "Unaungua wewe!" alipiga kelele, akaubandua mkono wangu kwenye usukani. Kiganja chote kilikuwa malengelenge, mistari ya raba imejichora juu yake. Sikuwa nasikia chochote. Yeye alipoushika tu, aliuachia upesi, akaniangalia usoni.

"Umempa mkono?" aliuliza.

"Nimempa nani?"

"Mzee wa kwenye tangi." Akaangalia chini. "Alikuwa tarishi hapa, zamani, alipanda kwa baiskeli. Aliomba koti, akaambiwa asubiri. Asubuhi moja walimkuta amekaa pale kwenye kona, amekufa, vidole vimeng'ang'ania usukani. Ilibidi wavibandue kimoja kimoja. Anawafuata wenye joto. Sisi tunampungia tu na kupita, hatusimami."

"Na mimi hamkuniambia?"

"Tulidhani unajua."

Walidhani najua! Miezi minane nakula nao, nanywa chai yao, nawaletea barua za ndugu zao, na hakuna hata mmoja aliyeona vyema kunikonyeza. Sijui kwa Bwana Elia kanisani wanafundishwa nini, lakini siku ile nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu.

Nilirudi Tanga jioni, nimefungwa bendeji. Mwanaidi akanipokea mlangoni anacheka, akaninyooshea mtoto kama nilivyotaka. Nikampokea Zuhura, vidole vyangu vikamgusa shingoni. Mtoto alilia kilio ambacho sijakisikia tena maishani. Mama yake akamnyakua.

"Si huwa nakwambia ukae jikoni kwanza?"

Nikaenda kukaa jikoni. Nilikaa mpaka mkaa ukawa majivu, na mkono ukabaki vilevile.

Kesho yake Mhina alizipima gripu zote mbili mbele ya macho yangu. Zilikuwa nzima. Nilikwenda hospitali, nikasomewa, nikachanjwa na mganga wa Mkwaja aliyenilia kuku watatu. Malengelenge yalipona. Baridi haikutoka. Mwishowe nikasema nitamfuata mwenyewe. Nilipanda mpaka kona ya tangi, nikazima injini, nikamwita. Nilimtukana, mimi niliyefundishwa kumwinamia mzee. "Nirudishie changu! Aliyekunyima koti ni mimi?" Ukungu ukafunguka kidogo, nikamwona huko juu kwenye michai. Hakuwa ameweka mkono kwapani tena. Alinipungia polepole, kama ndugu, na mvuke ulikuwa ukitoka kwenye kiganja chake. Alinipungia kwa joto langu.

Niliacha kazi wiki ileile. Pikipiki niliwarudishia na gripu zikiwa juu yake, wakae nazo.

Sasa nisikilize mwisho wake. Zuhura alikua, nikamlea kwa mkono wa kushoto. Kumpapasa kichwa, kushoto. Kumvusha barabara, kushoto. Nilijiambia si kitu, ipo siku mkono wa kulia utamfaa. Unaijua siku hiyo. Binti anapoozwa, baba ndiye anayekaa mkekani, anamshika bwana harusi mkono wa kulia na kumwoza. Ni haki ya baba. Nilikuwa na binti mmoja tu, Mungu hakutupa mwingine.

Tukakaa msikitini Kigombe, watu wamejaa, udi unafuka. Shehe akasema tushikane mikono. Yule kijana, mtoto mwenye adabu, akanipa mkono wake akautuliza ndani ya wangu. Aliushtukia, nikamwona, lakini hakuutoa. Nilianza kusema, "Nimekuoza binti yangu..." na hapo nikasikia kitu. Joto. Kwa mara ya kwanza tangu kona ya tangi, vidole vyangu vilisikia joto, linaingia, linapanda taratibu. Nikamwangalia kijana, midomo inamtetemeka, na bado ananiangalia kwa heshima.

Na ilikuwa tamu, wallahi. Hilo ndilo linalonikasirisha kuliko yote. Ilikuwa tamu nikataka kumuuliza habari za kwao.

Nikautupa mkono wake. Watu wakaguna, wakadhani nimemkataa. Shehe akauliza mara tatu kuna nini. Nilisema tu naumwa, nikampa uwakili mdogo wangu Bakari, na Bakari ndiye aliyemwoza mwanangu. Mimi nilikaa pembeni, mkono nimeuficha kwapani. Zuhura hajaniuliza mpaka leo, lakini najua aliambiwa.

Basi vijana wa bodaboda mnaopeleka watalii Amani siku hizi, nunueni gripu za moto, siwakatazi. Angalieni volti, wekeni fyuzi, waya wa kulia ulegee. Lakini mzee akikunyooshea mkono kwenye ukungu, mkosee adabu. Mpigie honi upite. Akisema hukulelewa, mwambie ni mimi niliyekufundisha.

Na wewe niachie mkono. Tangu nianze kusimulia hujautoa, unaona haya kunikatisha. Utoe! Nimeshaanza kusikia joto.