Ndege wa Shamba la Susu Syokau

Sisi tuliolelewa Mwala kabla ya kila mfuko kuwa na simu, saa yetu ilikuwa ndege. Kanga wakianza kelele zao kule makorongoni, ulijua ni wakati wa kuwasha moto wa uji. Njiwa wakinyamaza, jua limefika utosini. Na mtama ukianza kukomaa, kengele ya shule ikilia ndiyo kwanza kazi inaanza: kila mtoto juu ya kichuguu chake, mkebe wa mawe mkononi, kuwinga ndege mpaka sauti inakauka. Watoto wa siku hizi wakiona ndege hupiga picha, kisha huuliza simu jina lake. Sisi tulimjua kwa ladha.

Ndiyo, tuliwala. Mimi nilikuwa na manati yangu, ingawa baba alikuwa akisema, "Msichana na manati ni kama mbuzi na kofia." Njiwa mmoja aliyechomwa juu ya makaa, chumvi ikiwa ile iliyoibwa jikoni kwa ncha ya kidole, aliwatosha watoto watano. Shuleni tulikwenda na kopo la maji kila asubuhi, si ya kunywa bali ya kunyunyizia sakafu ili vumbi lisitufukuze darasani, na Ijumaa wasichana tulisiriba sakafu hiyo kwa samadi ya ng'ombe. Chakula cha mchana kilikuwa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa kinuni na kupikwa na mbaazi, yakiwa yamepoa na kushikana mpaka unayakata kama tofali. Hakuna aliyeuliza kama kuna chipsi.

Lakini siku ninazozikumbuka kuliko zote ni za mwethya. Mwethya ni kikundi cha majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu, malipo ni chakula na nyimbo. Na kwetu hupandwa kwenye vumbi. Hungoji mvua inyeshe ndipo utafute jembe. Mvua ya Ukambani ni mgeni asiyekaa, ukichelewa kumfungulia mlango anapita. Akina mama walitangulia wakichimba mashimo, akina baba wakadondosha mbegu, na sisi watoto tukafuata nyuma tukifukia kwa mguu.

Shamba la kwanza kila msimu lilikuwa la Susu Syokau. Susu ni nyanya kwa Kikamba. Hakuwa nyanya yangu wa damu. Alikuwa mjane, mkongwe kuliko wote kwenye kikundi, na umri wake ulimpa zamu ya kwanza. Mimi aliniita "mwaitu", yaani mama yangu, kwa sababu jina langu, Ndinda, ndilo lilikuwa la mama yake. Ukipita kwake hukosi ukwaju.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la tano. Baba, aliyekuwa kibarua kwenye stoo ya mbegu ya shamba moja kubwa upande wa mjini, alirudi na mkebe. Ndani mlikuwa na unga wa pinki, laini kama poda ya bibi harusi. "Mbegu ikipakwa hii, mchwa hagusi," alisema. Mkebe haukuwa na maandishi, na hata kama ungekuwa nayo, baba hakujua kusoma. Alimwaga unga huo juu ya mbegu za kikundi kizima, akachanganya kwa mikono, kwa ukarimu, kama mtu anayetia chumvi kwenye chakula cha harusi. Kila mtu alimshukuru. Mimi ndiye niliyebeba karai la mbegu, na jioni viganja vyangu vilikuwa pinki.

Niseme pia la kwangu: siku ile hatukufukia vizuri. Ng'ambo ya uzio kulikuwa na mpira wa makaratasi ukitungoja, na mguu wenye haraka husukuma vumbi kidogo tu ukapita. Mistari mirefu ya Susu Syokau ilibaki na mbegu zinazochungulia. Tulijua mvua ikija itamaliza kazi yetu.

Mvua haikuja. Wiki ya tatu, asubuhi ya Jumapili, tukielekea kanisani, tuliwakuta. Njiwa, kwale, kanga, wamelala kwenye shamba la Susu Syokau kama nguo zilizoangushwa na upepo. Wengine walikuwa bado wakitetemeka, mabawa wazi, mate yakiwatoka mdomoni. Mwewe aliyekuja kuwala alikuwa amelala kando, kucha zake bado zimemshika njiwa.

Kila mtu alikuwa na jibu, na hakuna aliyeinama kutazama. Mhubiri alisema ni siku za mwisho. Mwalimu alisema ni joto. Nilipouliza mbona kuku wetu hawajafa kwa joto hilohilo, nilipigishwa magoti juani, nadhani ili nilichunguze vizuri. Wazee wa ukoo walisema Syokau amefunga mvua. Ushahidi wao ulikuwa nini? Ndege wamefia kwake. Tena amezungushia shamba majivu. Wote walijua majivu yale ni ya kuzuia siafu, wake zao walifanya vivyo hivyo, lakini mwenye hofu husahau haraka.

Aliyenifungua macho ni Haji, mfanyabiashara wa mbuzi mwenye asili ya Kisomali, aliyekuja kutoka mjini kila siku ya soko. Alisimama kando ya shamba, fimbo mabegani, akatazama kwa muda mrefu.

"Nyinyi mnasema kiu, mnasema jua," aliwaambia wanaume. "Mimi nimeona wanyama wakifa kwa kiu tangu utoto. Mwenye kiu anafia majini. Hawa wamefia mezani."

"Haji, wewe nunua mbuzi," mmoja alimjibu. "Mambo ya ndege tuachie."

Walicheka. Mimi sikucheka. Alasiri hiyo nilichukua kanga mmoja, nikaenda naye nyuma ya zizi, nikampasua kwa wembe. Shingoni mwake, kwenye gole, kile kifuko ambamo ndege huhifadhi chakula, kulikuwa na mahindi kumi na moja. Yote ya pinki.

Niliyafunga kwenye jani nikampelekea baba. Aliyatazama, kisha akatazama mahali ambapo jana yake alikuwa amemfukia mbwa wetu, chini sana. Mbwa yule alikuwa amekula mmoja wa wale njiwa. Hapo nikaelewa kwamba baba alikuwa ameshaelewa.

"Umemwonyesha nani?"

"Hakuna."

"Basi hakuna kitu umeona. Mtoto hasemi mbele ya wazee."

Baba hakuwa mtu mbaya. Mkebe ule aliutoa stoo bila ruhusa, na kazi ile ndiyo iliyotulisha. Aliogopa. Lakini hofu yake ilihitaji mtu wa kuibeba, na aliyekuwapo ni mjane asiye na mume wala mtoto wa kiume wa kumsimamia.

Wazee walimtaka ale kiapo. Susu Syokau alisimama mbele yao, leso yake imefungwa kiunoni, akasema, "Siwezi kuapia kitu ambacho hata nyinyi hamkijui." Basi wakamwambia aondoke. Binti yake alikuwa ameolewa Katangi, akatuma mkokoteni wa punda. Kijiji kizima kilitoka kutazama. Mimi nilimbebea sufuria mpaka barabarani. Alipoipokea, alishika mikono yangu akaigeuza. Pinki ilikuwa bado imejificha kwenye kucha.

"Mwaitu," alisema, "nawa mikono vizuri kabla hujala."

Siku mbili baadaye mvua ikanyesha, na wazee wakatembea vifua mbele msimu mzima.

Niliacha shule darasa la saba. Nimepikia mafundi wa mjengo Syokimau, nimeuza mitumba Kola, nimepakia mchanga, nimeuza dawa za mende sokoni nikipiga kelele kama enzi za kichuguu. Sijawahi kukaa mahali miaka mitatu. Watu wetu husema nina miguu ya mbuzi. Lakini kila nilipofika niliuliza swali moja: mmewahi kuona viumbe wakifa wengi kwa pamoja, na mlisema ni nini? Mahali pamoja samaki wa bwawa walielea, wakasema ni jini. Kumbe upande wa juu wa mto kulikuwa na watu wanaooshea ndani yake mitungi ya dawa za mimea. Mahali pengine nyuki waliisha, ikasemekana mwenye mizinga amerogwa na shemeji. Kumbe jirani alinyunyizia dawa shamba lake la nyanya likiwa kwenye maua. Nilichojifunza ni hiki: vifo vya wengi hutafutiwa mtu mmoja, na mtu huyo huwa yule asiye na wa kumtetea.

Msimu huu nimerudi Mwala. Susu Syokau alifia Katangi, lakini mjukuu wake, Mbithe, msichana mwenye hereni mbili kwenye sikio moja, amerudi kulima ardhi ya nyanya yake. Amepanda kwenye vumbi kama sisi sote. Siku hizi mbegu hutoka dukani zikiwa tayari za pinki, kwenye pakiti yenye picha ya fuvu ambayo hakuna anayeijali. Vibarua wake walifukia wakichezea simu. Mvua imechelewa. Na wiki iliyopita njiwa wakaanza kufa shambani kwake.

Majibu yalikuja mbio, kwa kuwa sasa tuna intaneti. "Ni ule mnara wa netiweki, Auntie," kijana wa boda boda aliniambia. "Hiyo mionzi inakaanga ndege ubongo." Mwenzake alikuwa na video ya ndege wakianguka nchi nisiyoijua, tena na muziki. Lakini wazee wa leo, ambao ni wale wavulana niliocheza nao mpira wa makaratasi, walisema maneno niliyoyajua: damu ya Syokau imerudi. Naibu wa chifu akaitisha baraza. Ajenda ilikuwa kama Mbithe arudi alikotoka.

Kaka yangu Muli alinisimamisha njiani asubuhi hiyo. Alijua ninachokibeba kwenye ndoo.

"Ndinda, baba amelala kaburini. Mwache alale."

"Yeye amelala," nikamjibu. "Aliyekosa usingizi ni Syokau."

Hajanisemesha tangu siku hiyo. Nimekubali.

Barazani nilifunga mifuko ya nailoni mikononi, nikatandika gunia, nikatoa njiwa watatu na wembe. Vijana walishangilia. "Leo Auntie anatupikia!" Nilipasua gole la kwanza. Pinki. La pili. Pinki. Nilipofika la tatu hakukuwa na anayecheka. Ndipo nikawaambia habari za mkebe wa baba, mbwa wetu, kanga wa nyuma ya zizi, na mguu wangu uliokuwa na haraka ya mpira. Nikawataja waliokuwa wakifukia nami siku ile. Watatu walikuwa wameketi mstari wa mbele.

"Mbona hukusema wakati ule?" mmoja wao akauliza.

"Nilisema kwa mtu mmoja, akaninyamazisha. Leo nasema kwa wote. Na kama Mbithe anafukuzwa kwa mbegu hizi, tufukuzwe sote, maana nani hapa hakupanda?"

Aliyejitokeza ni yule kijana wa boda boda wa mionzi. Alikuja, akainama, akatazama ndani ya gole kwa karibu kuliko mtu mzima yeyote aliyewahi kutazama Mwala. "Sasa, Auntie," akasema, "si tufukie tu?"

Tukafukia. Alasiri ile mwethya, uliokuwa umekufa miaka mingi kwa sababu kila mtu sasa hukodi vibarua, ulifufuka kwenye shamba la Mbithe. Tulizika ndege chini sana, mbali na mbwa, tukapita kila mstari tukizamisha kila mbegu. Nilikuwa nyuma ya vijana nikiwakagua miguu. Walinilalamikia kwamba mimi ni mkali. Bado nitawakagua mashamba yaliyobaki.

Enzi zetu ndege walikuwa wengi mpaka tulichoka kuwawinga; leo asubuhi nzima huweza kupita bila kusikia kanga, na mtoto asione kuna kilichopungua. Wakati ule tulikuwa na nyimbo, ukwaju na majirani wa kulimiana, lakini mtoto aliyekuwa na jibu mkononi aliambiwa anyamaze. Leo watoto wana majibu ya dunia nzima mfukoni, lakini nao huwa hawainami. Sitaki enzi zile zirudi zote. Nataka kanga warudi, na mwethya, na desturi ya kutazama chini kabla ya kumnyooshea mtu kidole.

Kesho naenda Katangi, kwenye kaburi la Susu Syokau. Nitambebea ukwaju. Nitaketi hapo kidogo, kisha nimwambie: Susu, mikono nimenawa.