Siku Bahari Ilipoondoka Malindi

Jana nilimwona mama akichimba mchanga wa mto wetu uliokauka, akitafuta maji, nikakumbuka Malindi.

Nilikuwa darasa la pili. Baba alichonga vinyago huko, nasi tulitoka Kalama kumtembelea. Niliupenda ule mji mara moja: utulivu wake, vichochoro vilivyonukia samaki wa kukaanga, na nguzo ya Wareno juu ya mwamba, ambayo baba alisema ni nzee kuliko mti wowote aliowahi kuchonga.

Susu, nyanya yangu, hakuwahi kuona bahari. Alinipa chupa nimletee maji yake. Lakini tulipofika ufukweni mchana, bahari haikuwepo! Palikuwa na mchanga tu, mpaka mbali. Nikadhani wageni wa hoteli wameimaliza. Niliona haya kuuliza, basi nikapiga magoti nikachimba kwa mikono, kama nyumbani.

Mama mmoja aliyeuza mahamri akacheka.

"Binti, watafuta nini?"

"Maji. Yamekauka."

"Ati yamekauka! Bahari yaenda, yarudi. Kaa hapa na mimi."

Sikumwamini. Kwetu mto ukienda, huenda miezi. Lakini nilikaa, na jua lilipoinama maji yakaja polepole, yakajaza shimo langu. Nikajaza chupa.

Susu alionja, akakunja uso, kisha akaiweka dirishani. Bado iko hapo.

Jana mama alipochoka kuchimba, nilimwomba tukae kidogo.

"Tunangoja nini?" akauliza.

Niliona haya kumwambia.