Ukurasa Wenye Dole la Mawese

Kazi yangu ni kuchapa na kutoa kopi katika kibanda kimoja jirani na soko la Rumonge. Shule niliiachia darasa la kumi, lakini karatasi haipiti mikononi mwangu bila kusomwa. Kwa hiyo mama mmoja mtafiti wa ubongo alipoleta faili yake niifunge kwa spirali, niliisoma orodha yote ya makala zake. Mengi sikuyaelewa. Neno moja nililitambua, kwa sababu liliandikwa pia kwenye karatasi za hospitali za mdogo wangu: kifafa.

Faili ilikuwa inakwenda Bujumbura, kwenye kamati ya kuamua kama apandishwe cheo. Mbele ya kila makala kulikuwa na namba: wataalamu wangapi wameitaja katika maandishi yao. Namba zilikuwa ndogo. Makala ya familia za kando ya ziwa ilikuwa na sifuri.

Shefu wangu, mwenye kibanda, alichungulia begani mwangu akacheka. "Miaka yote anazunguka Kigwena na Gatete na begi yake, na hakuna mutu anasoma."

Hiyo makala ya sifuri ilikuwa ni sisi.

Mtafiti huyo aliwahi kuja kwetu Gatete na maswali yake, mama akajibu. Wakati huo mdogo wangu alikuwa na bakuli lake peke yake, la plastiki ya bluu, linatundikwa kwenye msumari nje ya jiko. Kwetu watu husema mate ya mwenye kifafa yanaambukiza. Akianguka, tulirudi nyuma. Hata mimi ninayempenda nilikuwa nasimama tu, mikono nimeificha kwapani.

Chakula kilipoletwa, mtafiti aliliona lile bakuli. Hakutufundisha neno. Alikwenda akakaa na mdogo wangu, akamega bugali humo humo, akachovya kwenye mchuzi wa ndagala zake, dagaa wa ziwa letu.

"Dogiteri, ukipata ugonjwa tutaambia nini watu wako?" mama akauliza.

"Mama, nimekula na wagonjwa wa kifafa toka hapa mpaka Nyanza-Lac. Kama ingekuwa inapita kwa mate, leo mungekuwa munanibeba."

Tulicheka, kwa woga zaidi. Mama hakuamini siku hiyo. Alingoja. Mtafiti aliporudi miezi kadhaa baadaye, mzima, tena amenenepa, ndipo mama alipolitoa bakuli kwenye msumari. Sasa tunalinyweshea kuku maji.

Basi nilichapa ukurasa mmoja bila kumwomba mtu ruhusa. Niliandika kwamba nyumbani kwetu mtoto mmoja anakula na wenzake kwa sababu ya kazi hii, kwamba anameza dawa, na kwamba akianguka tunamlaza ubavu na kukaa naye. Niliupeleka kwa mama atie dole. Nilimkuta anakamua mawese, na dole lake likaacha alama ya rangi ya chungwa, kubwa kuliko nilivyotaka. Niliuweka nyuma ya ile makala ya sifuri.

"Toa hiyo," shefu akasema. "Iko uchafu. Utamuharibia huyo mama dogiteri."

Mtafiti alikuja kuchukua faili, nikamwonyesha. Aliusoma akiwa amesimama, akarudia.

"Kamati watacheka, mdogo wangu."

"Wacheke, dogiteri. Ulipokula kwenye bakuli hata sisi tulicheka."

Aliifunga faili, ukurasa ukiwa ndani.

Cheo hakukipata. Faili ilirudi na ukurasa wetu umechomolewa, umebanwa juu kwa pini, na maneno mafupi: hii si kazi ya kitaalamu. Nililia mbele ya mtafiti, nikamwomba msamaha.

"Msamaha wa nini?" akasema. "Mwaka ujao ninaomba tena. Na ukurasa unarudi pale pale."

Kopi ya ukurasa huo nimeibandika ukutani kibandani. Shefu anaibandua, mimi nabandika nyingine. Juzi mama mmoja muuza samaki aliisoma polepole, akaomba yake, akaikunja ndani ya kitenge. Hakusema nani mgonjwa kwake. Alisema "murakoze", asante ya Kirundi, akaondoka.

Sasa mtafiti ameleta faili mpya, makala zimeongezeka mbili. Ukurasa nimeuchapa upya, safi. Nimemwomba mama safari hii anawe mikono kwanza kabla ya kutia dole.

Amekataa kunawa.