Tumbo la Bwana Eriki

Najua mnavyonicheka. Nikipita pale mtaani Usagara na kikapu changu mnaanza, "Tabibu, shikamoo! Tabibu, leo dawa ipo?" na wengi wenu hata hamjui jina hilo lilitoka wapi, mmelirithi tu kwa kaka zenu kama shati. Basi leo nitalisimulia mwenyewe, maana nimechoka kulisikia likiharibiwa (yupo anayeapa kwamba nilimuua mtu; sikumuua, ila ilibaki kidogo), na kama ni aibu, bora niianike kwa mikono yangu.

Kwanza mnijue nilivyokuwa. Miaka ile ya hamsini, Mwingereza bado yupo, mimi nilikuwa karani na mkalimani katika nyumba moja ya biashara hapa Tanga, iliyonunua mbata, yaani nazi zilizokaushwa, na kuzipeleka Ulaya zikakamuliwe mafuta ya sabuni. Sekondari nilikuwa nimesoma, Kiingereza kilinitoka kwa mbwembwe, lakini nilikuwa mtu wa nyumbani kupita kiasi. Shule nilisoma hapa hapa mjini ili nirudi kula kwa mama, kazi nikaitafuta hapa hapa mjini ili nirudi kula kwa mke wangu, na kitanda changu cha kamba nilikijua kila kibonyeo. Sasa mfikirie karani mkuu, Mgoa mmoja mwenye miwani ya mduara asiyecheka hata akitekenywa, ananiita na kuniambia kuna mnunuzi mpya anakuja kutoka Sweden, anataka mbata za Mzee Hatibu wa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, na mimi ndiye nitakayempeleka na kuwafasiria.

"Wakipatana," akasema, "unabaki Tanga. Wasipopatana, sina kazi ya mkalimani hapa. Nitakuhamishia tawi la Kigoma."

Kigoma! Mwisho wa reli kabisa. Tangu siku hiyo kila mke wangu akiniandalia chakula nilikuwa namtazama kama mtu anayeaga, mpaka akaniuliza kama nimeoa mwingine.

Mnunuzi akaja. Jina lake lilikuwa refu na lenye miiba, sisi tukamwita Bwana Eriki. Kijana mrefu, mpole, shingo nyekundu kama kaa wa kuchemshwa, na landrova aliiendesha mwenyewe. Tulipokuwa njiani, mashamba ya mkonge yanapita huku na huku, akanieleza jambo moja kwa adabu kabisa. Akasema kwao mtu hali chakula cha yule anayekwenda kupatana naye bei. Akila, ni kama amekwisha kununuliwa, hata ulimi wake unakuwa mzito kusema bei ya haki, na mabwana zake kule Sweden wakisikia watamwona amehongwa kwa kuku. Biashara kwanza, chakula baadaye. "Mweleze mwenyeji wetu vizuri asije akachukia," akaniambia, na akanionyesha mfuko wake wa ngozi: amefunga mkate wake na jibini.

Nikaitika ndiyo. Lakini moyoni nikasema, maskini wewe, hujui unakokwenda. Maana huku kwetu mtu asiyekula kwako ana moja kati ya mawili, ama anakuona mchafu, ama ana jambo baya dhidi yako na hataki chumvi yako imsute. Na huyo Mzee Hatibu alisifika kwa ukali, ilisemwa amewahi kumfukuza mnunuzi mzima mzima kwa sababu tu alipanda barazani na viatu.

Tukavuka kwa pantoni. Nisiwafiche, mto ule niliuvuka macho nimeyafumba, mikono imeng'ang'ania mlango wa landrova, maji ya rangi ya chai yanapita chini yangu na mtu mmoja anasimulia habari za mamba kwa sauti ya kufurahi. Mwenye pantoni akatuonya kwamba akishavuka alasiri havuki tena mpaka kesho. Hapo hofu ya pili ikapanda juu ya ile ya kwanza: tukikaa sana, nitalala Bweni, kwenye kitanda kisicho changu.

Kwa Mzee Hatibu harufu ilitupokea kabla ya watu. Kuku wa kupaka, jamani. Wali wa nazi. Mkate wa kumimina. Mkewe, Bi Mwanakombo, alikuwa jikoni tangu asubuhi. Uani wanaume walikuwa wanapasua nazi kwa mapanga, na kila panga likishuka mimi nashtuka kama ninapigwa nalo.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibuni, karibuni, nyumba yenu hii." Alikuwa pande la mtu, sauti inatokea kifuani kama pipa linaviringishwa. Akatuuliza habari za njia, za mto, za Tanga, za mvua, za wazee wangu, za wazee wa Bwana Eriki, na za ng'ombe wa huko kwao kama wapo. Mimi nafasiri. Bwana Eriki anajibu kwa ufupi, kisha anaitazama saa yake.

"Mwenzio anatazama nini mkononi kila mara?" Mzee akauliza. "Ameumwa na mdudu?"

"Hapana Mzee, ni... mazoea."

"Mazoea! Haya. Bi Mwanakombo, pakua, mgeni ana njaa, macho yote yamemtoka."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema yale niliyoagizwa. Maneno yenyewe nilikuwa nayo, yamepangwa, safi. Nikamtazama Mzee, nikatazama mapanga, nikaifikiria Kigoma, na ulimi ukachagua njia yake wenyewe.

"Mzee, mgeni hataweza kula. Ana tumbo."

Neno dogo tu. Nililiona la heshima hata, maana nani atamkasirikia mgonjwa?

Mzee Hatibu akaweka kikombe chini. "Tumbo la kufunga au la kuendesha?"

Sikuwa nimejiandaa kwa maswali. "La... la kufunga."

"Masikini! Na kuendeshwa kote kule kwenye mashimo! Bi Mwanakombo, acha kupakua! Lete haluli imfungue tumbo, uichanganye na shubiri, ile ya kwako yenyewe!"

Ikaja bakuli nzima. Rangi yake sitaieleza. Bwana Eriki akanigeukia, akaniuliza hiki ni nini, maana alikwishaniambia hali kitu. Na mimi, ambaye tayari nimeshauficha ukweli upande mmoja, nikaona nisipoficha na upande wa pili nitaumbuka. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha mbwembwe, "Hiki si chakula. Ni kinywaji cha kumkaribisha mgeni. Bila hiki hakuna mazungumzo."

Mtu muungwana yule! Akasimama, akaishika bakuli kwa mikono miwili, akainama kidogo, akainywa yote bila kupumua. Machozi yakamtoka. Akafuta mdomo, akatabasamu, akasema ni nzuri sana.

"Lahaula!" Mzee akaduwaa. "Kweli kazidiwa huyu. Mtu mzima kunywa shubiri hivi bila kushikwa mikono! Mwongezee."

Akaongezewa. Akainama tena, akanywa tena. Mimi jasho linanitoka mpaka kwenye nyayo.

Mazungumzo yakaanza. Bwana Eriki anataka mbata zilizokaushwa juani, zisinuke moshi. Mzee anasema zake hazijawahi kunuka moshi tangu enzi za babu. Yakaenda vizuri kiasi kwamba nikaanza kukiona kitanda changu. Kisha nikamwona Bwana Eriki anakatisha sentensi. Uso ukawa mweupe, halafu ukawa na rangi ya tango bichi. Akaniuliza neno moja tu, wapi, nikamwonyesha nyuma ya nyumba, akaenda mbio huku amepinda kama mtu anayetafuta sindano.

"Dawa imeshika," Mzee akasema kwa kuridhika.

Ikashika kweli. Bwana Eriki hakutoka. Tukasikia mlio mmoja kama wa mbuzi, kisha kimya. Kahawa ikaja, ikapoa, hakutoka. Bi Mwanakombo akaacha jiko akasimama mlangoni na upawa mkononi. Wale wa nazi wakaacha kazi wakasogea, mapanga bado wameyashika, na mmoja wao akasema kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia, "Mzungu akifia hapa, askari watakuja kutoka boma. Hawatauliza nani alikoroga."

Nikajiona nimesimama mbele ya hakimu, naulizwa nani alisema ana tumbo. Kigoma ile niliyoiogopa sasa naiona kama peponi, maana Kigoma mtu hurudi, lakini kwenye kamba ya kunyongea harudi mtu. Nikaenda kubisha mlango wa choo. "Bwana Eriki! U mzima?" Hakuna jibu. Nikabisha tena. Hakuna.

Nikarudi barazani. Na kilichonimaliza ni Mzee Hatibu mwenyewe. Lile pande la mtu lilikuwa limekaa kwenye ukingo wa baraza, mikono juu ya magoti, ile sauti ya pipa imekwisha. "Mwanangu," akaniambia, "wewe ndiye umekuja naye. Niambie. Nimemuua mgeni wangu?" Bi Mwanakombo akaanza kulia kimya kimya, anasema haluli alipima kwa mkono ule ule anaowapimia wanawe.

Nilifungua kinywa nimwambie. Wallahi nilikifungua. Hakikutoka kitu, hofu ilikuwa imekaa juu ya ulimi kama jiwe la kusagia.

Basi mlango wa choo ukalia, Bwana Eriki akatoka, anashika ukuta. Hakututazama. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye landrova, akaketi kwenye ngazi yake, akafungua mfuko wa ngozi, akatoa mkate wake wa jibini, akaanza kuula. Anaula kwa mikono miwili, mashavu yamejaa, macho yamefumba. Njaa ilikuwa imemtetemesha zaidi ya dawa.



Mzee Hatibu akainuka pole pole. Hakuniuliza mimi. Akamwendea Bwana Eriki, akaonyesha tumbo lake mwenyewe, akalishika, akakunja uso kama mtu anayeumwa, kisha akanyoosha kidole kwake: wewe, unaumwa? Bwana Eriki akatikisa kichwa. Akaonyesha bakuli, akainama kama alivyoinama, akaweka mkono kifuani kwa heshima: si ndiyo desturi yenu? Mzee akatikisa kichwa. Wakatazamana. Kisha wote wawili, mmoja wa Bweni na mmoja wa Sweden, bila mkalimani, wakanigeukia mimi kwa pamoja.

Sijawahi kutazamwa vile. Nikayafasiri yote pale pale, mara Kiswahili mara Kiingereza, tangu lile la njiani mpaka la bakuli. Mzee akanisikiliza hadi mwisho.

"Kwao mtu hali kabla ya kupatana bei," akarudia. "Hilo tu?"

"Hilo tu, Mzee."

"Basi si tungepatana kwanza tukala baadaye? Chakula kina miguu, kitakimbia? Msomi mzima wewe, hilo lilikushinda nini kulisema?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Nilikuogopa wewe, nikamwogopa huyu, nikamwogopa karani mkuu, nikauogopa na mto."

"Na Mungu je?"

Watu wa nazi wakacheka mpaka mmoja akaangusha panga. Bwana Eriki akataka kujua kinachochekwa, nikamfasiria (neno kwa neno safari hii), naye akacheka huku ameshika tumbo. Akaniambia kuku yule amekuwa akimnusa tangu tulipoingia na kwamba laiti ningesema angepatana upesi apate kula. Wakapatana wamesimama pale pale penye landrova, hata kahawa ya pili haijachemka. Kisha wakanawa, wakakaa mkekani, sinia ikaja.

Na mimi nikanawa. Mzee akanishika kifundo cha mkono.

"Wewe wapi? Si kuna mwenye tumbo katika msafara huu? Bi Mwanakombo, ile ilibaki?"

"Imebaki, mume wangu," akajibu yule mama, machozi yamekauka na tabasamu nisilolipenda. "Bakuli nzima."

Niliinywa yote mbele ya watu wote, na hakuna aliyenishika mikono. Pantoni ikaondoka bila sisi. Nililala Bweni, kama kukaa kule nyuma ya nyumba mpaka alfajiri kunaitwa kulala.

Kigoma sikupelekwa. Lakini Mzee Hatibu alitoa sharti, na Bwana Eriki akaliunga mkono kwa moyo mmoja, kwamba mbata zikiwa tayari asiende kuzipokea mwingine ila mimi. Basi kila shehena nikawa nauvuka mto ule macho nimeyafumba, na kila nikifika Bi Mwanakombo ananipokea mlangoni kwa sauti ya kusikika ng'ambo, "Tabibu! Tumbo halijambo?" na nakula kila ninachowekewa, nikiongezewa nakula, mpaka siwezi kuinuka bila kushika nguzo. Wale wa pantoni ndio waliolidaka jina wakalivusha, likafika Usagara kabla yangu.

Kwa hiyo niiteni Tabibu, nitaitika. Ila msinitume kumsemea mtu. Hata mke wangu akiniambia niende nje nikamwambie jirani kwamba amelala, mimi humwambia aende akaseme mwenyewe, maana yuko macho. Tumbo la mtu nimemwachia mwenye nalo.